Baba Alivyotafuta Malisho Ndani ya Simu

Baba yangu hakai. Ukimwekea kigoda anakigeuza kwanza aangalie chini yake, halafu anabaki amesimama vilevile. Chai yake anainywa akizunguka nyumba. Mama humwambia, "Jarso, keti, ardhi haikimbii." Naye hujibu, "Nani kakwambia?"

Hapa mjini Garsen wanamjua kwa punda. Kila asubuhi anajaza mitungi kwenye kioski cha maji karibu na barabara, anaipanga juu ya mkokoteni, na kuanzia hapo ni kuzunguka tu: hotelini, kwa mafundi, nyumba za walimu, mpaka jua lilegee. Punda wetu tunamwita Waziri, kwa sababu hafanyi kazi mpaka abembelezwe. Mimi, Darmi, natembea nyuma nikishika mitungi isianguke. Nina miaka kumi na tano. Shule niliiacha darasa la tatu. Ng'ombe walihama, nami nikahama nao. Dada yangu Muna aliachwa mjini kwa shangazi, kwa hiyo yeye ndiye aliyesoma. Sisemi kwa uchungu, ndivyo ilivyokuwa.

Lakini Aba, yaani baba, hakuzaliwa mtu wa maji. Alikuwa mtafuta malisho.

Kwetu sisi Waorma ng'ombe hawahamishwi kwa maneno. Kwanza mtu mmoja anatangulia. Anakwenda siku mbili, tatu, peke yake. Akifika mahali anang'oa nyasi anazitafuna, anaonja maji, anaangalia mavi ya wanyama waliopita. Akirudi, hasemi neno mpaka apewe maji anywe. Ndipo anaeleza tangu alipotoka, hatua kwa hatua, haruki kitu wala haongezi. Mabaya anayasema kabla ya mazuri. Aba alifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, kwa familia nne, na hakuna siku aliyopeleka ng'ombe mahali pabaya.

Isipokuwa mara moja, na mara hiyo hakwenda mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa, naye alikuwa na homa. Mtu akamtumia picha kwa simu kutoka upande wa Bura. Kijani, kijani mpaka mwisho wa picha. Aba akaitazama, akasema twendeni. Tulitembea siku tano. Tulipofika, kile kijani chote kilikuwa mathenge. Mathenge ni mti wa miiba, kiangazi au masika wenyewe ni kijani tu, na ng'ombe wakishindia maganda yake meno yanaoza. Picha haikudanganya. Ilionyesha kijani, na kijani kilikuwepo. Tulitoka na ng'ombe sitini na mmoja, tukarudi Garsen na tisa, na hao tisa hawakuifikia mvua.

Tangu hapo, ukimwonyesha Aba kitu kwenye simu, anakitazama kama anavyotazama maji yaliyotulia.

Sasa. Muna alikuwa kidato cha nne. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka alirudi nyumbani na karatasi ameikunja mara nne, akampa Mama, Mama akampa Aba, Aba akanipa mimi, wote watatu hatujui Kiingereza. Muna akasema mwenyewe, "Bayolojia, D."

Dada yangu anataka kuwa muuguzi. Chuo cha uuguzi kinataka angalau C ya Bayolojia. Bila hiyo fomu yako haipokelewi, hata masomo mengine yakipanda vipi. Na mtihani wa mwisho wa Bayolojia ulikuwa umebakisha siku ishirini na tatu.

Si kwamba hana akili. Hakai. Ni damu ya Aba. Akifungua kitabu, mguu unaanza kutikisika. Ukurasa wa pili ameshainuka kwenda kuchota maji ambayo yapo.

Mwalimu wake, Bwana Danson, sisi humpelekea maji. Siku iliyofuata alimsimamisha Aba mlangoni. "Mzee Jarso, binti yako akisomewa analala, akionyeshwa anashika. Mtandaoni kuna video za sayansi, tena nyingine za kuchekesha. Mtafutieni." Akaandika mada sita kwenye karatasi, zile zilizomwangusha Muna.

Jioni Muna alimsomea Aba ile karatasi. Aba hajui kusoma, lakini ng'ombe sitini alikuwa akiwahesabu kwa rangi na pembe, mada sita ni nini? Akazishika kwa vidole. Kidole gumba, moyo na damu. Cha pili, chakula kinavyosagwa tumboni. Cha tatu, figo. Cha nne, mimea inavyojitengenezea chakula. Cha tano, urithi, yaani mtoto anavyopata sura ya wazazi. Kidole gumba cha mkono wa pili, viumbe na mahali wanapoishi.

"Mpe simu atafute mwenyewe," Mama akasema.

"Ajitafutie? Umeona wapi ng'ombe akijitangulia?"

"Asante sana, Aba," Muna akasema. "Mimi ng'ombe."

"Ng'ombe wangu walikuwa na adabu kuliko wewe."

Ukweli ni kwamba Muna alikuwa ameshapewa simu mara mbili, na mara zote mbili tulimkuta anatazama wasichana wa Mombasa wakicheza. Kwa hiyo hakubisha sana.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Nyumbani kwetu mtandao unakuja na kupotea, lakini pale kwenye kioski cha maji unashika vizuri. Kando ya kioski ana kibanda Chengo, kijana wa Kigiriama, mtoto wa wakulima, anayechaji simu za watu. Foleni ya maji ni ndefu. Aba akamwendea.

"Kijana, nataka video ya moyo. Ya kuchekesha, lakini isiwe ya uongo."

Chengo akacheka mpaka akaweka chini bisibisi. "Baba Muna! Ng'ombe wameisha nje, sasa unachunga ndani ya simu?"

"Wewe mwenzangu unalima ndani ya nini? Nionyeshe."

Chengo akamfundisha kubonyeza alama ya kinasa sauti na kuongea. Aba akaishika simu mbali na uso, akaiamkia kwanza. "Salamu aleikum. Naomba moyo wa binadamu, unavyofanya kazi."

"Mzee, usiisalimie. Haina wazee wake hapo."

Za kwanza zilikuwa nyimbo za mapenzi. Za pili, mtu anauza dawa. Ya nane hivi ikawa katuni: vijitu vyekundu vya mviringo vimebeba mizigo mgongoni, vinakimbia ndani ya mshipa, vinapigana vikumbo, kimoja kinamlaumu mwenzake kwa kuchelewa. Vinapeleka hewa kila nyumba ya mwili na kurudi na uchafu. Aba hakuelewa hata neno moja la maneno yao. Lakini alicheka kwa sauti, akarudia, akarudia tena, halafu akaniambia, "Darmi, hawa ni sisi. Hawa ni mimi na wewe na Waziri." Foleni ikatupita, watu watatu wakachota mbele yetu, yeye hakuona.

Alikataa kuihifadhi mpaka aitazame hadi mwisho. Nyingine zilianza vizuri, zikageuka matangazo katikati. Nyingine mtu alikuwa anaongea tu, uso mzima, bila kuonyesha kitu. Aba alikuwa anazizunguka kama anazunguka kisima. Alitembea nazo. Alitazama akiwa amesimama mguu mmoja juu ya gurudumu la mkokoteni, alitazama akimbembeleza Waziri, mara moja alitazama akivuka barabara na lori la Lamu likampigia honi mpaka mwenye hoteli akatoka nje kulaani.

Jioni akifika nyumbani Muna anamrukia. "Aba, simu!"

"Maji kwanza."

Anakunywa. Taratibu. Muna anarukaruka kama amekanyaga kaa la moto. Halafu Aba anaanza, amesimama, mkono nyuma. "Nilitoka hapa jua halijapanda. Nimeona video tisa. Nne hazina kitu, ni vumbi. Mbili zina nyasi lakini maji ni ya chumvi, kila mara wanauza kitu. Moja mtu wake anapiga kelele sana, ng'ombe wangeshtuka. Mbili ni nzuri. Ya kwanza ni ya damu. Ya pili mama mmoja anachuja majani ya chai, anasema figo linafanya hivyo hivyo. Nimeionja mpaka mwisho."

"Aba, siku zinaisha! Nipe tu!"

Lakini akishapewa, mguu ulikuwa hautikisiki. Mimi nilikuwa namtazama. Alitazama zile video mbili, akacheka, akasimamisha, akaandika, akacheka tena. Wiki hiyo ya kwanza alijaza daftari zima mwenyewe bila kuamrishwa, mara ya kwanza maishani mwake. Ya chakula Aba alileta nne, maana matumbo alikuwa anayajua. Kila mnyama anayechinjwa yeye ndiye anayepasua. Ya mimea alileta ya mtoto mmoja aliyevaa kofia ya jua, anaimba kwa majani. Ya viumbe alileta ya simba na nyumbu, akasema simba wa video ni mnene mno, hajawahi kuona wa hivyo.

Mimi nilihesabu vidole vyake. Jioni, akimaliza ripoti, alikuwa anavigusa: gumba, cha pili, cha tatu, cha nne, halafu anaruka mpaka gumba la mkono wa pili. Kidole cha tano alikuwa hakigusi.

Nilijua kwa nini. Nilikuwa namwona kwenye foleni. Akiuliza urithi, simu ilileta masanduku. Masanduku manne yenye herufi ndani, kubwa na ndogo. Hakuna moyo, hakuna damu, hakuna mnyama. Aba aliyatazama kidogo, akasukuma kwa kidole, yakaja mengine, akasukuma. Moja ilikuwa ya mtu mzima mwenye ndevu, amejivika nguo ya kijani mwili mzima kama njegere, anafunga ndoa na njegere fupi, na wageni wanapiga vigelegele. Nilitaka kuitazama. Aba akasema, "Mtu mzima huyu, haoni haya?" akaisukuma nayo.

Sikusema. Si kawaida yangu kusema. Na siku zilikuwa zinakwenda.

Zilipobaki siku sita Muna alirudi kutoka shule uso umemvimba. Bwana Danson alikuwa amewapa mtihani mdogo. Damu alipata zote. Figo zote. Urithi hakuandika hata mstari.

Aba alipoingia, Muna hakumpa maji. "Aba, urithi iko wapi?"

"Kidole cha tano. Huko hakuna nyasi. Nimepita mara nyingi, ni pakavu."

"Pakavu! Robo ya mtihani inatoka huko! Mimi nakungojea kila siku, nasema kesho ataleta, kesho ataleta—"

"Siwezi kukupeleka mahali ambapo mimi mwenyewe sijapata kitu cha kutafuna."

"Kwani unayekula ni wewe?" Muna alikuwa analia sasa. "Aba, unayekula ni mimi! Mimi meno yangu ni mengine!"

Mama akasema, "Muna, shika ulimi." Aba alikuwa ameshafika mlangoni. Ndipo sauti yangu ikatoka, sijui nani aliyeituma.

"Zipo," nikasema. "Nimeziona. Aba alizipita."

Akageuka. Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi. "Uliziona?"

"Naam. Ya njegere."

"Na ulinyamaza siku ngapi?"

"Kumi."

Aba akatoka. Tulimsikia akizunguka nyumba, akazunguka zizi tupu, akarudi, akazunguka tena. Mama hakumfuata. Mimi nilikuwa najua anachokitazama: picha ya kijani ya Bura. Kumwambia apeleke mtoto wake mahali asipopajua ilikuwa ni kumrudisha kule.

Asubuhi hakuniambia kitu mpaka tukafika kioski. Hapo akanipa simu mkononi. "Leo wewe tangulia. Lakini utazame mpaka mwisho, na jioni utasema wewe."

Chengo akapiga mluzi. "Ee! Mtafuta malisho mpya! Darmi, na wewe usiisalimie simu."

Nikatafuta. Nikaona saba. Jioni nilisimama mbele yao, Muna akanipa maji, nikanywa. Nikaeleza mabaya kwanza: herufi zilizomo sizielewi, na mbili zinaongea haraka mno. Halafu mazuri: ya njegere inachekesha, na masanduku yanakuja baada ya harusi, polepole. Aba alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya. Mpe."

Muna aliitazama mara mbili, akaruka juu. "Nimeshika! Aba, njoo nikuonyeshe!"

"Njegere siijui. Sema ng'ombe."

Muna akachukua kijiti, akachora sanduku chini kwenye vumbi, akaligawa mara nne. "Sawa, ng'ombe. Kila ndama anachukua rangi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nyeusi ina nguvu, inaifunika nyekundu. Kwa hiyo ng'ombe anaweza kuwa mweusi kwa nje, lakini ndani amebeba nyekundu aliyopewa na mzazi wake. Wakikutana weusi wawili wa namna hiyo, tazama: huyu mweusi, huyu mweusi, huyu mweusi, huyu wa nne mwekundu."

Aba alikuwa ameinama. "Sema tena huyo wa nne."

"Mwekundu. Kutoka kwa weusi wawili."

Mama akaanza kutabasamu kabla yetu sisi kujua ni nini.

Kulikuwa na kesi, sisi wote tunaijua. Ng'ombe wetu mweusi, Robe, alipandwa na dume letu jeusi, Gurracha, akazaa ndama mwekundu. Aba alimshtaki jirani yetu Hiribae mbele ya watu kwamba dume lake jekundu liliruka boma usiku. Hiribae aliapa. Aba hakukubali. Miaka tisa hawajanywa chai pamoja.

"Mama yake Robe," Aba akasema polepole, "alikuwa Dado. Dado alikuwa mwekundu." Akakunja kidole. "Gurracha tulimtoa Kinakomba akiwa ndama. Mama yake nilimwona kwa macho yangu, sikukubali kulipa kabla ya kumwona. Alikuwa..."

"Alikuwa?" Muna akauliza, kijiti kikiwa hewani.

"Mwekundu."

"Basi, Aba! Wote wawili walibeba nyekundu! Si lazima iwe dume la Hiribae!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Aba hakucheka. Aliuliza habari za ng'ombe mwingine, halafu mwingine. Aliwataja wote waliobaki Bura, mmoja mmoja, mama yake na rangi yake, na Muna akawa anachora masanduku mpaka mlangoni pote pakajaa, tukawa tunapita kwa kuruka. Wengine walikubali. Wengine walikataa, Muna akasema kwa ng'ombe mambo ni mengi kuliko kwa njegere. Sijawahi kumsikia Aba akiwataja tangu walipokufa.

Kesho yake alipeleka mitungi miwili kwa Hiribae. Nilikuwa nyuma ya mkokoteni.

"Ndama yule," Aba akasema. "Dume lako halikuhusika."

Hiribae akaitazama mitungi, akamtazama yeye. "Miaka tisa, Jarso! Punda wako mbona mwendo wa pole hivyo?"

Siku ya mtihani Aba hakuuza maji. Alizunguka ua wa shule na Waziri mpaka mlinzi akamwambia asogee, akasogea, akazunguka upande wa pili. Muna alipotoka hakukimbia. Alikuja, akasimama mbele yake, mkono nyuma. "Naomba maji," akasema. Akanywa. "Mabaya kwanza. Swali moja la mimea sikulijua, nimeliacha. La figo nililianza vibaya nikafuta. Urithi ilikuwa ya panya weusi na wa kahawia. Niliwafanya ng'ombe. Nimelimaliza lote."

"Una hakika?"

"Aba, mimi si picha."

Kuanzia hapo mpaka Januari nyumba yetu haikuwa na mtu aliyekaa, hata Mama alianza kunywa chai amesimama. Matokeo yalipotoka tulikuwa kwa Chengo, Muna akayaona kwenye simu, akapiga ukelele uliomfanya Waziri aondoke peke yake na mkokoteni. Aba akasema, "Hiyo ni simu." Akaenda shule kwa miguu.

Alirudi alasiri. Muna alikuwa mlangoni na kikombe cha maji tangu saa sita. Aba akanywa, akajifuta mdomo, akaanza: alivyotoka, alivyomkuta mlinzi amelala, mwalimu mkuu alivyomwambia ngoja, alivyongoja. "Mabaya: Fizikia umepata D." Muna alikuwa anajua yote hayo, alikuwa anayajua tangu asubuhi, lakini alikuwa amemshika Mama mkono kwa nguvu. "Bayolojia, C na alama ya kujumlisha. Bwana Danson amenionyesha kwa kidole. Nimeiona mimi."

Hapo ndipo Muna akalia.

Mama akamletea Aba kigoda. Akakigeuza, akaangalia chini yake, akakiacha. Alikuwa ameshaanza kukaza kamba za viatu.

"Hicho chuo," akamuuliza Muna. "Maji ya huko yakoje?"

"Sijui, Aba. Hata fomu sijajaza."

"Basi kesho Darmi atabaki na punda," akasema. "Mimi natangulia."